Msiuze Sun kwa kilo kabla hamjajaribu kebo

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba kompyuta kuukuu ambazo wageni wanatuachia wakihama Malindi ni takataka, ati wanatutupia mizigo yao alafu sisi tunashukuru. Kwa zile PC za kawaida zenye kapasita zilizovimba na diski inayolia sina ubishi naye, hizo hata mimi nazivunja nachukua feni na skrubu. Lakini yeye ametia zote kapu moja, na humo kapuni kuna mashine za Unix, yaani zinazotumia mfumo wa Unix badala ya Windows, hasa za kampuni ya Sun, ambazo naziona zikipita Barabara ya Lamu kwenye mkokoteni zikienda kupimwa kilo, na nikiuliza hii imekufaje naambiwa "tuliiwasha, skrini nyeusi". Basi. Uchunguzi umeishia hapo.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa mjini. Riziki yangu ni simu na laptopu za wanafunzi, hizi Sun nazifanya kwa sababu nazipenda na pia kwa sababu ukimtafuta mtu mwengine wa kuzifanya hapa Malindi utazunguka mpaka jua litue. Inayonijia zaidi ni SPARCstation 5 ya mwaka 1994, sanduku bapa mfano wa boksi la piza, na boksi la piza Malindi nani halijui. Kampuni ya Sun ilianzishwa Marekani mwaka 1982, jina lenyewe lilitokana na Stanford University Network, mwaka 2010 ikanunuliwa na Oracle. Prosesa ya mashine hii, yaani ubongo wake, ni SPARC wala si Intel, kwa hivyo yule kijana anayekuja na diski ya Windows akijua atalimaliza tatizo kwa dakika kumi namwambia arudi nayo nyumbani. Mfumo uliomo ni Solaris, na Solaris ni Unix.

Sasa hiyo skrini nyeusi. Jambo la kwanza ambalo watu hawaliangalii ni kibodi. Sun ikiwaka ikakosa kibodi yake, haitoi chochote kwenye skrini kwa makusudi kabisa, inadhani wewe ni mtu wa seva na unataka kuongea nayo kwa tundu la seriali kule nyuma, lile la kuongea kwa maandishi matupu, basi inapeleka maneno yote huko na skrini inaachwa giza. Na kibodi yake ina plagi ya duara ya pini 8, ile ya PC ya zamani ya PS/2 ina pini 6, zinafanana kwa mbali lakini haziingiliani, nimeona ya PC imelazimishwa mpaka pini zimelala. Kwa hivyo mashine ikigawiwa bila kibodi yake mwalimu wa watu atachomeka monita tano tofauti na zote zitakuwa nyeusi, alafu lawama inaenda kwa mashine.

Ukiwa na kibodi, njoo kwenye kebo ya picha. Tundu la nyuma si VGA, lile la kawaida la monita za PC. Ni pana, lina pini ndogo 10 na matundu matatu makubwa ya waya wa koaksi, nyekundu, kijani na buluu, linaitwa 13W3. Adapta ya kulipeleka VGA ipo, lakini angalia ni ya nani, manake kampuni ya Silicon Graphics nao walitumia tundu la sura hiyo hiyo kwenye mashine yao ya Indy na waya za ndani wamezipanga vyao, ukitia ya kwao kwenye Sun inaingia vizuri kabisa na hupati kitu. Alafu hata adapta ikiwa ndiyo, kuna mambo mawili. Moja, PC inapeleka mipigo ya kupanga picha, mpigo wa mlalo na mpigo wa wima, kwa waya mbili, Sun inavichanganya vyote kwenye waya mmoja, na monita bapa zingine za siku hizi hazielewi hiyo lugha, zinakuandikia hakuna mawimbi zinalala. Zingine zinaelewa. Hakuna njia ya kujua ila kujaribu, bei ya monita haina uhusiano kabisa, nina moja ya bei ya kutupa inayoelewa na moja ya maana sana haielewi. Pili ni ukubwa wa picha. Sun ikiachwa yenyewe inapenda nukta 1152 kwa 900, picha ikichorwa upya mara 66 au 76 kwa sekunde, na monita ya mtaani imezoea mara 60 na hiyo 1152 kwa 900 wala haijapata kuisikia.

Hili la pili linatibika bila hata senti. Kibodi ya Sun upande wa kushoto ina kitufe kimeandikwa Stop, subiri mashine imalize kujipima kumbukumbu, shika Stop pamoja na A, hapo unatoka nje ya mfumo unaingia kwenye PROM, ile chipu yenye programu ya kuwashia mashine, kama ungekuwa unaona ungeona neno ok. Huoni, si neno, andika hivyo hivyo kwa upofu, taratibu, herufi ndogo:

setenv output-device screen:r1024x768x60

Piga Enter, alafu andika reset, Enter tena. Mkono ukiwa sawa na kadi ya picha ikiwa ni ile ya TGX ambayo ndiyo ya kawaida, monita inaamka na maandishi meusi kwenye ukurasa mweupe na ile nembo ya Sun juu kushoto. Wallahi raha yake siielezi hapa. Ukishafika hapo kazi kubwa imeisha, madirisha ya Solaris yanafuata kipimo hicho hicho cha PROM. Asiyeuamini mkono wake atafute kebo ya seriali ya kupishanisha waya (null modem), achomoe kibodi, aunganishe na laptopu kwa spidi ya 9600, biti 8, bila pariti, stop moja, atayaona maneno yote huko na ataandika amri ile ile akiwa anaona.

Kuna na ile ya kipanya. Kinachomekwa kwenye kibodi, si kwenye sanduku, hilo watu wanaligundua wenyewe. Wasichokijua ni kwamba vile vipanya vya zamani vya mwanga vinatembea juu ya kibao chake maalum tu, kibao cha kung'aa chenye mistari midogo midogo ya mraba, juu ya meza ya kawaida mshale hautikisiki hata ukisugua mpaka kesho. Nilishakutana na kibao hicho kwenye nyumba ya mtu kimewekewa birika la chai, na kipanya kiko kwenye boksi la vitu vibovu.

Betri nayo. Kwenye bodi kuna chipu ya NVRAM, inayotunza saa na mipangilio ya mashine, iliyo ndefu na nene, betri yake imezikwa ndani ya plastiki hiyo hiyo ya juu, na umri wake ni kama miaka 10, kwa hivyo fanya hesabu, za mwaka 1994 zimekufa zote. Ikifa, mashine inawaka lakini inalalamika kwamba IDPROM, yaani kitambulisho chake, si halali, anwani yake ya mtandao inakuwa ff kutoka mwanzo hadi mwisho, saa inapotea, na hata ile amri ya picha niliyotaja juu inasahaulika ukizima stima ukutani. Ndiyo maana mtu anakwambia "fundi alitengeneza ikawaka, kesho yake ikafa tena", haikufa, imesahau tu. Kuna wanaoagiza chipu mpya, mimi nakwangua ile plastiki pole pole upande wa betri mpaka nifikie vile vichwa viwili, nakata muunganisho wa betri ya zamani, nalehemu kishikio cha CR2032, betri ya volti 3 inayopatikana duka lolote la saa. Anwani ya mtandao unairudisha kwa mkono pale kwenye ok, za Sun zinaanza na 8:0:20, tatu za mwisho mara nyingi zimo kwenye kibandiko cha ile chipu yenyewe, kwa hivyo kabla ya kukwangua piga picha kwa simu. Saa unaiweka mwenyewe kwa amri ya date. Unix inahesabu sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1970, mwaka ule ule ambao Waitaliano walirusha Uhuru kutoka jukwaa la San Marco pale baharini Ngomeni, tarehe 12 Desemba, satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza miale ya X kutoka angani. Wanafunzi wa huku wanaziona antena za Ngomeni kila wakienda kwa jamaa zao lakini hawajawahi kuambiwa hilo, ni somo jengine, niliache.

Chumvi siizungumzi sana. Kila mtu anayekaa karibu na bahari anajua pini hugeuka kijani, toa vibao vya kumbukumbu, safisha kwa spiriti na brashi laini, rudisha.

Stima ikikatika, na inakatika, Unix haipendi. Ikiwaka tena inaweza kukataa kuendelea, inakusimamisha katikati inakuomba paswadi ya root, yaani mtumiaji mkuu wa mashine, ndipo upige amri ya fsck ya kunyoosha diski. Na hapa ndipo tunafika kwenye ugonjwa mkubwa kuliko wote, manake paswadi ya root hakuna anayeijua. Aliyeijua yuko Bergamo au Milano huko Italia anakula pensheni.

Paswadi hiyo inaweza kuondolewa. Simwambii mtu akavamie mashine ya watu, mimi ikiletwa kibandani nauliza imetoka wapi na nani alikupa, nikiona jibu linayumba simwekei mkono. Lakini ikiwa ni yako, unahitaji CD ya Solaris na draivu ya CD ya aina ya SCSI inayosoma kwa vipande vya baiti 512, si kila draivu inakubali. Pale kwenye ok unaandika boot cdrom -s, unasubiri, inachukua muda mrefu na draivu inanguruma, kunywa kahawa. Ukipata alama ya reli # unapandisha (mount) diski ya ndani, ambayo kwa SPARCstation 5 kawaida ni c0t3d0s0, kwenye folda ya /a, alafu unafungua faili la paswadi, /a/etc/shadow, kwa kihariri cha vi. Mstari wa juu ni wa root. Kuna alama ya nukta mbili (:), fujo la herufi, alama ya nukta mbili tena. Futa lile fujo peke yake, alama zote mbili za (:) ziache pale pale, ukila moja mstari mzima unaharibika. Hifadhi kwa :wq! pamoja na alama ya mshangao, manake faili limefungwa lisiandikwe. Shusha diski, washa upya, ingia root bila paswadi, na hapo hapo kabla ya kufanya lolote andika passwd utie mpya. Tena uiandike kwenye daftari.

Kwenye paswadi zenyewe kuna jambo la kuchekesha. Hizi Solaris za zamani zinasoma herufi 8 za kwanza tu, zingine unajichosha. Kijana mmoja alijitilia malindi-mji-mzuri akaona ameweka ngome, nikamwonyesha kwamba malindi-samaki inafungua, na hata malindi- peke yake na kistari chake inafungua. Majina ya kuingilia nayo yasizidi 8, Kazungu anaenea vizuri, Mwanakombo itabidi akubali kuwa mkombo, amesema atazoea.

Sasa akaunti, na hapa nataka walimu wa vyuo wanisikize kidogo kwa sababu wanafunzi wenu waliozoea Linux wote wanaangukia shimo moja. Wakishaingia root wanataka kila mtu awe na akaunti yake, vizuri sana, root si ya kuchezea kila siku. Wanaandika amri ya useradd wakiweka nyumba ya mtumiaji iwe /home/kazungu kama walivyofundishwa, na Solaris inakataa, inasema haiwezi kutengeneza hiyo folda, operesheni haihusiki. Wao ni root, wanajua root hakataliwi kitu, basi wanajaribu kutengeneza folda kwa mkono kwa mkdir, inakataa vile vile, wanaanza kusema diski mbovu. Diski ni nzima, haina neno. Kwenye Solaris, /home si folda ya kawaida, imeshikwa na kitu kinaitwa automount. Sun waliitengeneza kwa ofisi yenye mashine nyingi, faili zako zinakaa kwenye seva moja na ukikaa mashine yoyote ile /home yako inakufuata, kwa hivyo /home inalindwa isitiwe kitu na mtu. Nyumba za kweli zinakaa /export/home. Andika hivi utalala salama:

useradd -m -d /export/home/kazungu -s /bin/ksh kazungu

Na bado hajaweza kuingia. Akaunti mpya ya Solaris inazaliwa imefungwa kufuli, ukichungulia /etc/shadow utaona *LK* pale pa paswadi, mpaka root aandike passwd kazungu aweke ya kwanza. Nimeona watu wanafuta akaunti wanaanza upya na upya kwa sababu ya hizo herufi mbili. Kama mtu anataka kabisa iitwe /home, kuna faili /etc/auto_home, unatia mstari wa jina lake na localhost:/export/home/ na jina lake tena, alafu kwenye akaunti unaandika /home, automount itafanya kazi yake. Kwa mashine moja peke yake naona ni kujipa kazi.

Ile ya mtu anaandika jina na paswadi sawa sawa, skrini inameta kidogo, alafu anarudishwa pale pale pa kuandika jina, hiyo nayo ni ya kila siku. Dirisha la kuingilia ni la CDE, mfumo wa madirisha wa Solaris, na CDE inataka kuandika vifaili vyake kwenye nyumba ya mtumiaji, sasa nyumba ikiwa haipo, au ipo lakini mwenyewe ni root, au diski imejaa pomoni, inashindwa na kukutoa nje bila hata samahani. Kwenye menyu ya Options ya dirisha hilo chagua kuingia kwa mstari wa amri au kikao cha failsafe, ukifika ndani angalia df -k kama kuna nafasi, na ls -ld ya nyumba yake uone jina la mwenyewe, ikiwa ni root chown ndiyo dawa. Usiku mmoja wa kusumbuka na madirisha unaokolewa na amri mbili hizo.

Na mkibadilisha jina la mashine mbadilishe kila mahali. Ilinijia moja ilikuwa inaitwa roma, wakaona aibu wakaiita malindi, wakabadilisha kwenye /etc/nodename peke yake. CDE ikagoma kuanza, ikatoa ujumbe kwamba DT messaging haiwezi kuanzishwa, wakaisukuma kwangu wakisema imepata virusi. Jina linatakiwa lilingane kwenye /etc/nodename, /etc/hostname.le0 na /etc/hosts, na humo kwenye hosts mstari wa 127.0.0.1 localhost usiguswe. Nilisahihisha mistari miwili ikawaka, nikawadai pesa ya chai tu.

Mtu atauliza faida yake nini leo, na ni swali halali. Sisemi ofisi ya kaunti ihamie SPARCstation. Lakini Linux aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 ilifuata mwendo wa Unix, na Android iliyo kwenye simu ya huyo huyo msomaji aliyelalamika imekaa juu ya kernel, yaani kiini, cha Linux, kwa hivyo kijana aliyefungua /etc/shadow kwa mkono wake, akajua root ni nani na akaunti imefungwa wapi, huyo hata ukimpeleka kwenye seva ya kisasa hapotei. Kwenye laptopu mpya anabonyeza kitufe anapewa akaunti, hajui nini kimetokea nyuma. Na mashine hii akiiharibu haumii mtu, tunairudishia CD tunaanza.

Kwa hivyo lawama yangu mimi naipeleka kwa anayetoa. Watu wanahama, wanagawa, wanapigwa picha na watoto wa shule, sanduku limefika lakini kebo ya 13W3 imebaki ukutani kwenye nyumba iliyouzwa, kibodi imepewa shule nyengine, kibao cha kipanya kimetupwa, CD zimefanywa za kufukuzia kunguru kwenye mwembe, na paswadi imeondoka na mwenyewe kwa ndege. Ndugu zangu mnaotoa, funga vitu vyake pamoja kwa kamba, andika paswadi ya root kwenye karatasi uibandike chini ya sanduku kwa gundi. Kama una siri zako futa diski, utuachie CD. Na walimu wakuu mnaopokea, kabla ya kusaini muulizeni mtoaji iwashwe mbele yenu, akishindwa kuiwasha yeye msitarajie mwalimu wa hesabu ataiwasha.

Mhariri, yeyote mwenye CD ya Solaris 2.6 au 8 kwenye droo, hata iwe na mikwaruzo, anitafute kupitia dawati lako, hasa walio Watamu, Mambrui na Lamu. Kibodi za pini 8 na vibao vya kipanya nanunua. Monita za kichogo nimesimamisha, kibanda kimejaa na mwenye nyumba ameanza kununa.

Fundi wa kompyuta,
Malindi